Samaki wa Maji Vuguvugu

Jumatatu, 5 Machi 2007
Nimepima samaki mpaka vidole vimekufa ganzi. Wametoka pwani, penye kinu cha nyuklia. Kinu huvuta maji ya bahari kupoza mitambo, kisha huyarudisha yakiwa vuguvugu. Samaki wachanga hunaswa kwenye chujio, wakafa. Wakubwa hujazana penye bomba la kutokea kama wazee mbele ya hita. Je, hukua haraka? Jibu limo kichwani mwao: vijiwe vya masikio, vina miviringo kama shina la mti. Sura ya mwisho ya tasnifu yangu inawategemea hawa kumi na wanane. Sina wengine.

Jumatano, 7 Machi
Friza ya maabara imeharibika. Nimewabeba kwa basi hadi nyumbani, mtaa wa Bordesley Green huku ughaibuni, kila mmoja na mfuko wake na namba yake. Abiria wamenihama. Viti viwili peke yangu, raha! Nimewatia friza ya Mama, chini ya sambusa. Mama hayupo. Nitamwambia kesho.

Ijumaa, 9 Machi
Sijamwambia. Msimamizi wangu anataka matokeo Jumatano. Nimejibu hakuna wasiwasi. Mdomo huu!

Jumamosi, 10 Machi
Nimerudi, nyumba inanukia nazi. Samaki wa kupaka. Mama ana wageni, shoga yake Bi Rukia analamba vidole. Nimekimbilia friza: sambusa tu. Nikakaa kwenye ngazi nikalia. Miaka mitatu ya utafiti, imeliwa pamoja na wali!
Nikawaambia wageni samaki hao walitoka wapi. Bi Rukia akaweka kijiko chini: "Kwa hivyo tuta-glow usiku, tung'ae kama taa?" Nikasema ni joto tu, wavuvi wa kule huwala. Akaongeza mchuzi. Nikacheka huku nalia. Nina hasira na Mama, na nafsi yangu zaidi.

Jumapili, 11 Machi
Mama kaniita jikoni, kafungua friji, ambayo jana sikuiangalia. Mifuko kumi na minane, namba zangu juu, ndani ya kila mmoja kichwa! Alifungua mfuko mmoja, akakata, akarudisha kichwa humo humo, ndipo akachukua wa pili. Kwetu kichwa ni cha supu, na supu ni ya anayesoma, eti huongeza akili. "Nimekuwekea wewe, mwanangu." Nimembeba juujuu, anapiga kelele nimshushe.

Jumatano, 14 Machi
Miviringo mipana. Kweli wamekua haraka. Nimeandika pia wale wachanga wa kwenye chujio, wasiofikisha hata mviringo mmoja. Msimamizi ameridhika.
Vijiwe nimebaki navyo, vichwa nimemrudishia mwenyewe. Supu, ndimu, pilipili. Mama amekaa mbele yangu mpaka nimemaliza bakuli.