Kayaki Uliyoikalia Dukani

Mpendwa Mama,

Wanjiru anataka kayaki, ile boti nyembamba ya kupigwa kasia. Si ile ngumu ya kubebwa juu ya gari, la, anataka ya kujaza upepo, ile inayokunjwa ikaingia kwenye begi la mgongoni. Amejifunza kuogelea shuleni hadi anamshinda mwalimu wake, na sasa bwawa la kule Tetu limemkaa kichwani. Ana miaka kumi na sita. Ndiye binti yangu wa pili, anayepewa jina la mama wa mama yake, kwa hiyo jina lake ni lako, na kama desturi yetu ilivyo, humwita maitu, mama yangu, hata ninapomgombeza kwa kuacha vyombo bila kuoshwa.

Kwa mwezi mzima nimekuwa nikimwambia kwamba hatujapata nzuri. Nimekataa nne. Wewe ndiye uliyenifundisha kuchagua, Mama, na nakuandikia kwa sababu nimekuwa nikilitumia somo lako vibaya.

Unakumbuka nilipopata ile kazi ya kupima maji ya mabwawa? Nilihitaji boti ya kubeba mwenyewe, maana mabwawa mengi yako mbali na barabara. Nilikuwa nimeshaona moja kwa Mzee Kanti, pale mjini Nyeri, alikokuwa akiuza mahema, ndoo na viatu vya mvua. Ilikuwa ya manjano, ina picha ya samaki anayecheka. Nikakueleza kwa furaha, nawe ukafunga kibanda chako cha mitumba saa nne asubuhi, tena siku ya soko, ukajitanda kitambaa kichwani na kusema, "Twende niione."

Wewe! Mtu ambaye hakuwahi kuingiza mguu majini kupita kifundo. Nilijua sababu, ila sikuthubutu kuitaja. Mto Gura ulimchukua mama yako akivuka kwenda kuchuma kahawa, nawe ulikuwa bado msichana. Mimi ndiye niliyepewa jina lake. Njia nzima nilidhani unakuja kunikataza mbele ya watu.

Badala yake ulimwambia Mzee Kanti aitoe kwenye katoni.

"Mama, ikitoka kwa katoni hairudi," akasema.

"Basi ikae nje. Mimi sinunuangi kitu nikiangalia picha."

Ukaipindua kama ulivyozoea kupindua koti la mtumba. Ulikuwa ukituambia kwamba nje ya nguo ni maneno ya muuzaji, ukweli uko ndani. Ukapitisha kidole gumba kwenye kila mshono. Ukainusa. Kisha ukauliza, "Hii iko na mifuko ngapi ya upepo?"

"Moja, Mama. Moja kubwa."

"Na hiyo moja ikitoboka?"

Mzee Kanti akabaki anamtazama samaki.

"Ati boti," ukasema. "Hii ni baluni. Leta ingine."

Akaleta ya kijivu, haina urembo wowote, ngozi yake nene kama turubai ya lori. Ilikuwa na mifuko mitatu, mmoja kila upande na mmoja chini, ili mmoja ukiisha upepo miwili ikurudishe nchi kavu. Chini ilikuwa na pezi la kuizuia isizunguke ovyo. Ukaamuru ijazwe palepale, katikati ya ndoo. Halafu ukaketi ndani, Mama, na sweta lako na mkoba mapajani, ukayumba kushoto na kulia kwa nguvu zako zote, wateja wakaacha kununua wakakutazama.

"Kuja ukae hapa," ukaniambia. "Nyoosha miguu. Mgongo inauma? Utakaa hapa masaa."

Nilitamani ardhi inimeze. Wewe hata hukuona watu. Uliomba maji ya sabuni ukapaka kwenye vali zote, midomo ya kujazia upepo, uone kama zinatoa mapovu, kisha ukanywa chai na Mzee Kanti hadi saa nane, mkizungumza habari za wajukuu, ili tuone kama italegea. Haikulegea. Ikakunjwa, ukanitembeza nayo mgongoni hadi mtaa wa Majengo na kurudi, kwa sababu boti inayokushinda kubeba utaiacha nyumbani. Tuliporudi, Mzee Kanti alikuwa mlangoni anatikisa kichwa.

"Mimi ndio nauza hizi," akasema, "lakini leo ndio nimezijua."

Siku ya kwanza bwawani ulikuja nami, na kosa lilikuwa langu, kosa la watu wa baridi. Ilikuwa Julai, ukungu umeshika kila kitu, nami nikaijaza alfajiri kwa pampu ya mguu hadi ikawa ngumu kabisa. Tukaiacha kwenye nyasi tukanywa chai ya chupa. Ukungu ukaondoka ghafla, na wewe unalijua jua letu la mlimani likiamua kuwaka. Mimi nilikuwa nasifia mandhari. Wewe ulikuwa umetega sikio.

"Hii kitu inalia," ukasema, na kabla sijasimama ulikuwa umeshafungua vali moja na nyingine, upepo unatoka kidogo kidogo. Nikakuuliza umejuaje.

"Si uji ya kuchacha ukiacha mtungi kwa jua inafura mpaka kifuniko inaruka? Upepo ni hiyo hiyo."

Nilikuwa na cheti cha chuo kikuu, Mama. Hakuna aliyenifundisha hilo.

Kisha ukatoa kamba ya ng'ombe kwenye mkoba, ukaifunga kwenye pete ya mbele, ukashika ncha. Nikacheka. Hukucheka. Ulisema, bila kupandisha sauti, "Wewe ni maitu. Siwezi zika mama mara mbili."

Nikapiga kasia huku macho yananiwasha. Kabla sijafika katikati nilihisi kamba imekaza, nikageuka nikijua utanivuta. Ulikuwa umeingia majini hadi magotini, sketi imelowa, mkono umenyooshwa mbele kadiri ulivyoweza. Tukatazamana. Ukaiachia ile kamba.

"Enda ufanye kazi!" ukapiga kelele.

Sijawahi kumwona mtu jasiri kama wewe, na sikukwambia. Nakwambia leo.

Jumamosi iliyopita nilikagua kayaki ya tano. Nilipindua, nikanusa, nikapaka sabuni, nikaketi ndani, nikamtembeza Wanjiru nayo mgongoni. Ilipita kila kitu. Nikasema, "Tutaangalia ingine."

"Mum, hii nayo iko na shida gani?" akauliza.

Nikaanza kuipindua tena.

"Sema tu hutaki niende," akasema. Hakukasirika. Hilo ndilo lililoniuma.

Nimekaa na maneno yake siku kadhaa. Miaka yote hii nimesimulia watu jinsi ulivyojua kuchagua boti, wakacheka, nami nikajivuna. Sikuwahi kuona kwamba mtu anayetaka kukataza hana haja ya kutafuta boti nzuri. Ulikuwa umeshaniruhusu kabla hujafunga kibanda. Uliogopa kuliko mtu yeyote niliyemjua, lakini woga wako uliufanyia kazi wewe mwenyewe, hukunipa mimi niubebe. Mimi nilikuwa nambebesha mtoto wangu woga wangu wote.

Jana niliinunua ile ya tano, pamoja na jaketi la kuelea. Jumapili tukitoka kanisani tunakwenda Tetu. Nimemwambia Wanjiru ukweli: kwamba nitasimama ukingoni nikitetemeka, na kwamba hilo si jambo lake, yeye aende tu.

Nakuaga hapa, Mama. Maitu ananiita.

Ni mimi,
binti yako uliyemwita mama.