Miche Niliyoifyeka kwa Mama Masanja

Mjukuu wangu Nkwimba,

Shikamoo yako imenifikia, marahaba. Hapa Kishapu tu wazima. Mjomba wako amerudi tena machimboni Geita. Yule hatulii, kama mimi.

Unasema ukiwa na wenzako unawaza mitihani, na ukishika daftari unawawaza wenzako. Ni mimi huyo.

Nilikuwa sekondari, nimekuja likizo, tukaenda vijana kumpalilia pamba jirani yetu, Mama Masanja. Tulipalilia kwa ngoma, majembe yakishuka pamoja na wimbo. Mimi nilichomeka karatasi ya kemia kwenye kanga, nikawa nachungulia na kukariri. Kugeuka nyuma, nimefyeka miche mstari mzima, magugu nimeyaacha!

Mama Masanja hakunifokea. Aliniuliza tu, "Na kwenye karatasi umeshika nini?"

Sikuwa nimeshika kitu.

Ningesema nilipona, lakini nakuandikia huku nikiwaza maharage jikoni, na yameshaungua.

Jumamosi nenda kwa wenzako, daftari liache chumbani. Ukirudi uniambie mlicheka nini. Mimi wimbo wa siku ile siujui mpaka leo.

Bibi yako