Neno la Kizungu na Shamba la Kijitoni

Mama yangu mpenzi, shikamoo.

Nianze na yale utakayoniuliza: ndiyo, nakula, nimevaa sweta mbili, na afya ninayo. Wasiwasi wangu uko kwako. Goti limepunguza kuuma? Bado unapanda mlima na tenga la kabichi kichwani, au umekubali mdogo wangu Pius akubebee? Najua hujakubali.

Barua yako imefika. Herufi zako ni zilezile kubwa za darasa la watu wazima, na mimi nazipenda hivyohivyo zilivyo.

Umeniomba tena neno la Kiingereza, upate la kuwashangaza wanunuzi wanaopanda Mgeta na malori yao tangu biashara iwe ruksa. Safari hii nakupa moja lenye kazi nyingi kuliko mke wa katekista: keep. Nusu yake unaijua tayari. Pale Morogoro mjini magari yanapozunguka bustani ya katikati ya barabara, si tunapaita kipilefti? Ndilo hilo, wanaambiwa washike kushoto. Mimi miaka yote nilidhani ni jina la yale maua.

Huku kwa Wazungu neno hilo halipumziki. Bibi ninayemtunza, mama mzazi wa yule mama wa Kizungu niliyemfanyia kazi Morogoro mumewe alipokuwa akifundisha chuoni, ana kuku watatu uani. Kuwafuga ni keep. Nikigonga sufuria redio ikisoma habari, naambiwa ninyamaze, nako ni keep. Muuza maziwa akitaka kurudisha chenji, abaki nayo, keep. Kutimiza ahadi ni keep, na ukichoka katikati ya ngazi ukaambiwa ukaze mwendo, ni keep tena. Sisi kila kazi ina jembe lake. Wenzetu wana jembe moja, ndilo wanalimia, ndilo wanapalilia, na nadhani hata uji wanakorogea hilohilo.

Sasa habari zenyewe. Bibi amepungua nguvu. Mwezi uliopita binti yake alikuja akasema nyumba itauzwa, Bibi ahamie kwenye makao ya wazee, nami nimfuate nikamhudumie hukohuko, maana hawataki kuniachia. Neno alilotumia unalijua. Mimi nikauliza kwa adabu kama mjomba ameshakaa na kukubali. Wakatazamana.

“Mjomba gani?” akauliza binti.

Nikamwambia ni kaka yake Bibi, au mwingine yeyote wa ukoo wa mama, kwa sababu kwetu hata kipande cha shamba la mteremko hakitoki bila yeye. Binti akacheka. Akasema mjomba wake yuko nchi nyingine na huandikiana Krismasi tu. Bibi hakucheka. Alisema polepole kwamba ingekuwa vizuri kama kuna mtu angeuliza. Mimi nikaenda jikoni nikaosha vyombo ambavyo vilikuwa safi.

Ndipo nikaisoma upya barua yako, pale unaposema mjomba wangu, kaka yako, amenipa muda hadi masika. Nisipolitia jembe shamba la kijitoni, atampa binti wa mama mkubwa, yule anayefanya biashara Dumila, kwa kuwa malori sasa yanafika karibu, na kabichi za pale zinatafutwa. Hukuniambia nirudi. Uliandika tu kwamba njegere zimechanua vizuri mwaka huu na hakuna wa kuziangalia. Mama, nakujua. Nililia mpaka Bibi akaniuliza kama nimepata msiba.

Mjomba simlaumu. Shamba la ukoo halikai bure, na aliyeondoka ni mimi. Lakini lile alililima mama yako, ukalilima wewe, na pale ndipo uliponilaza kwenye khanga nikiwa mchanga huku unapalilia. Nimefikiri sana. Kazi ya huku ni nzuri na Bibi nampenda, ila siwezi kuendelea kumshika mkono mama wa mwenzangu apande ngazi, na wangu anapanda mlima peke yake na goti bovu. Narudi, mama. Nitafika kabla masika hayajaingia.

Nilimwambia Bibi kabla ya kumwambia binti yake. Alinishika mkono. Kesho yake, nilipokuwa namvisha soksi, aliniuliza mvua za kwetu zinaanza lini. Nikamweleza.

“Basi usichelewe,” akasema.

Nimsifu hapo, maana yeye ndiye anayebaki na wageni. Binti yake amekwisha kumpata mtu mwingine wa kumtunza, na mimi namfundisha huyo mtu namna Bibi anavyopenda chai yake.

Nisalimie mjomba, shikamoo yake. Nisalimie Pius na mkewe, na katekista pamoja na huyo mkewe asiyepumzika. Kwa mama mkubwa nenda mwenyewe, ukamwambie sina ugomvi na binti yake, na kwamba njegere za kwanza nitampelekea yeye.

Lipo jambo moja la kunifanyia. Jembe langu liko darini, pale nilipoliacha. Chuma kitakuwa kizima, lakini mpini nadhani wadudu wameshaumaliza. Usimpe Pius, ingawa atajitolea. Mpelekee mjomba. Mwambie Kolastika anaomba amchongee mpini mwingine kwa mkono wake mwenyewe, na aulainishe vizuri, kwa sababu huku viganja vyangu vimekuwa laini na shamba ni lilelile.

Ni mimi mwanao ninayefunga mizigo,
Kolastika