Mahali Alipolala Mama

Mount Druitt, 4 Februari 2023

Papa mpenzi,

Nakusalimu kwa heshima. Sisi wazima, ila jua la Sydney mwezi huu lingekausha mihogo kwa siku moja. Naandika kwa sababu masikio yako na simu hayapatani.

Binamu Moïse anarudi Kivu mwezi wa Agosti. Amekubali kusimika msalaba kwenye kaburi la Mama. Lakini kaburi liko wapi? Tulipokimbia vita nilikuwa na miaka minne, na Christian alikuwa mgongoni mwako. Wewe ndiye uliyemzika. Niandikie tu: njia ipi, mto upi, karibu na nini.

Binti yako,
Yvette

Iowa, 19 Machi 2023

Mwanangu Yvette,

Barua imenikuta mzima, magoti tu ndiyo yananinunia. Christian anakusalimu. Furahi nami: makumbusho ya mji yamenikubali niwaelekeze wageni! Mwalimu wa historia hastaafu. Zamani watu wa hapa walivua kome katika Mississippi, wakatoboa maganda yao, wakatengeneza vifungo vya mashati. Hata leo ukitembea kando ya mto utaokota ganda lenye matundu ya mviringo.

Habari ya mama yako si ya karatasi. Jambo kama hilo mtoto huambiwa uso kwa uso. Ukija, nitakuambia.

Papa yako, Balagizi

Mount Druitt, 2 Juni 2023

Papa,

Pole na magoti. Hongera ya kazi, kweli, ila wewe bingwa wa kukwepa! Nakuuliza kaburi, wanijibu vifungo. Likizo sipati kabla ya Desemba, na Moïse hangoji. Nakusihi, hata mistari miwili.

Yvette wako

Iowa, 11 Septemba 2023

Yvette,

Hujambo? Watoto je? Uliuliza tulivyokimbia. Ulikuwa mwaka wa 1965. Mississippi ilipanda hadi madukani, tukapanga magunia ya mchanga barabara nzima. Mama yako alinipokeza magunia. Hakuchoka, yule.

Papa

Mount Druitt, 3 Oktoba 2023

Papa wangu,

Mwaka wa 1965 ulikuwa mtoto mdogo kule Walungu. Mama hakuwahi kuiona Amerika. Kazi yangu huku ni kutunza wazee wanaosahau, nawaogesha na kuwalisha, najua inavyoanza. Barua yako niliisoma kwenye treni ya kwenda kazini, nikalia mbele za watu. Christian anasema sasa unapotea njia ya kanisani.

Moïse alikwenda akarudi. Msalaba umebaki kwa fundi, jina limeshachongwa: Chibalonza. Nimekata tiketi ya Desemba. Nimekukasirikia, Papa, na nakupenda. Nisubiri.

Yvette

Iowa, 20 Novemba 2023

Madame Yvette,

Salamu kutoka mji wetu, na asante kwa kutuuliza habari za makaburi. Nimepekua daftari la mazishi tangu kurasa za kwanza: wavuvi wa kome, wanawake wa viwanda vya vifungo, watoto waliochukuliwa na mafuriko. Jina la Chibalonza sikuliona. Kama alizikwa hapa, basi aliyemzika hakuandika popote.

Pole sana. Alikuwa nani wako?

Balagizi,
mwelekezaji wa wageni, makumbusho ya mji