Jina Lililotokea Kwenye Simu

Jumanne, usiku.

Mlango nimeufunga kwa komeo, na bado nasikiliza nje kama mjinga.

Kijana nisiyemjua alinipigia jana nikianika samaki wa omena. Aliongea Kijaluo kizuri, akaniita Mama, akasema laini ya marehemu mume wangu itafungwa. Na mimi tangu tumzike Baba Atieno simu yake naichaji, naiwekea kredo, ili mtu mwingine asipewe namba yake. Kwa hiyo alipouliza namba ya kitambulisho cha marehemu, nikamsomea. Meseji ikaingia kwenye simu ile, yenye namba za siri. Nazo nikamsomea. "Asante Mama, sasa haifungwi." Muda si muda simu ya marehemu ikapoteza netiwaki.

Asubuhi binti yangu Atieno amenigombeza. "Mama, hao ni wakora! Wamehamisha laini ya Baba, sasa wataanza kudanganya watu nayo." Laini haikuwa na pesa hata kidogo. Ni ile namba tu, ilikuwa bado yake.

Jioni nikisonga ugali simu yangu ikalia, na kwenye kioo likatokea jina: Baba Atieno. Maneno yote ya Atieno yakanitoka kichwani. Nilifurahi. Mungu anisamehe, nilifurahi. Nikapokea mikono ikiwa na unga, nikauliza kama nilivyomuuliza kila jioni, "Umefika wapi?"

Halafu sauti ya yule kijana wa jana ikajibu, taratibu, "Nimekaribia."