Mji Niliomsomea Yvette

Auburn, Sydney
Jumapili, 16 Mei 2021

Mdogo wangu mpenzi Thacienne,

Pokea salamu nyingi za dada yako mkubwa. Hujambo? Shemeji naye, kifua chake kimetulia au bado kinamsumbua na hii baridi? Sisi huku tuko, Mungu anatulinda. Miguu yangu inauma, lakini ni maumivu ya heshima, utaona sababu. Trésor amerefuka mpaka anainama mlangoni. Ukimsemesha Kiswahili anaelewa kila neno, anakujibu Kiingereza, na mimi siku hizi ninamrudishia Kiingereza hicho hicho mpaka anacheka.

Utajiuliza kwa nini ninaandika kwenye karatasi kama watu wa zamani, na simu zipo. Simu yako Yvette ndiye anayeipokea, anaweka sauti kubwa, anakaa katikati yetu. Kurasa hizi nitazipiga picha nimtumie shemeji kazini, ameniapia atakupa simu bila kuzisoma. Zisome ukiwa peke yako.

Nianze na habari ya kufurahisha, usiseme dada yako kazi yake ni kuleta kilio. Mimi Léocadie, niliyeacha shule darasa la nne, nimekuwa mwanafunzi msafiri! Shule yetu ya Kiingereza ilitutoa siku tatu, Jumanne mpaka Alhamisi, kwenda kuutazama mji wa zamani kule bandarini, pale Wazungu walipoteremka na kuwakuta wenye nchi. Nina kitambulisho chenye picha. Nilikivaa shingoni juu ya kile kitenge cha bluu ulichonitumia. Rafiki yangu Kyakimwa, yule Mnande wa Butembo anayekaa Cabramatta, aliponiona stesheni akaniuliza tangu lini nimeolewa na waziri. Nikamwambia waziri ni mimi mwenyewe, ashike begi langu.

Mwalimu alitupa kazi: kila mtu achague mahali atakapompeleka mgeni wake wa kwanza, halafu aeleze darasani kwa Kiingereza. Wenzangu walihangaika. Mimi mgeni wangu nilikuwa naye. Unajua kesi ya kumleta Yvette huku iko kwa watu wa imigresheni mwaka wa tatu huu, na tulikuwa tunangoja jibu tu. Nikaapa nitausoma mji huu kama katekisimu, ili siku akishuka kwenye ndege asipokelewe na mama mjinga. Niliwatangazia wote kwamba binti yangu alipita mitihani ya Serikali kwa asilimia themanini na mbili. Kyakimwa akasema wiki iliyopita ilikuwa themanini, tukichelewa hapa itafika mia. Darasa zima lilicheka, na mimi nilicheka.

Jumanne tulipanda treni na maski zetu, maana wamezirudisha, tukateremka penye maji. Ile nyumba yao ya muziki unayoiona kwenye kalenda ni kweli ipo, imekaa kama sahani nyeupe zilizosimamishwa zikauke. Tukaingia mitaa ya zamani inayoitwa The Rocks. Vichochoro, ngazi za mawe zilizolika katikati kwa miguu ya watu, na kwenye mawe bado unaona alama za patasi za wafungwa walioletwa kwa meli. Kila duka, kabla ya kuingia, lazima simu isome kile kimchoro cha mlangoni, wajue umepita. Kyakimwa alisema nchi hii hata kunusa mkate unaomba ruhusa. Nilichagua ngazi moja yenye jua la asubuhi. Nikasema Yvette atakaa hapa, nimpige picha.

Jumatano tulipanda feri kwenda Manly. Mahali bahari kubwa inapoingia, kati ya milima miwili, chombo kiliinuka na Kyakimwa akaanza Zaburi kwa sauti. Mimi nilisimama nje kama nahodha, Thacienne, usicheke, kama nahodha! Mwalimu alituonyesha mlima ambapo zamani meli zenye magonjwa zilizuiwa, watu wanakaa wiki nyingi karibu na mji na hawaruhusiwi kuingia. Nikamrekodia Yvette sauti ya upepo. Akajibu pale pale, mama niwekee nafasi pembeni ya maji.

Tulipokuwa tunarudi, Apondi akapiga simu. Huyo ni dada Mkenya wa ofisi inayosaidia wakimbizi, ndiye anayefuatilia kesi yetu. Akasema nipitie ofisini, jambo hili si la simu. Nilipita. Aliyoniambia nitayaandika, lakini niache kwanza nimalize safari, maana mkono unakataa.

Alhamisi nilitaka kubaki kitandani. Nikavaa, nikaenda. Tulipelekwa kwenye nyumba kubwa ya matofali walimokuwa wakilala wafungwa, bembea zao za kulalia bado zimening'inizwa. Nje ukutani kuna meza ya chuma na bakuli tupu, na juu yake kioo chenye majina mengi. Mwalimu akaeleza kwamba baada ya wafungwa, nyumba hiyo ilipokea wasichana kutoka Ireland, kwao kulikuwa na njaa kubwa. Serikali iliwapandisha meli, kila mmoja na sanduku la mbao lenye nguo zake, wakaletwa mpaka hapa. Nikamuuliza kwa nini wao walikubaliwa. Alidhani sijaelewa, akarudia polepole. Walikuwa yatima, akasema, hawakuwa na mama.

Kyakimwa alininong'oneza kama nimemwona shangazi yangu kati ya majina yale. Alipoona uso wangu akaacha utani, akanishika kiuno. Mwalimu akaniletea maji, nafikiri aliona nimekumbuka vita. Sikukumbuka vita.

Sasa sikiliza. Jibu limetoka, na wamekataa. Kile kipimo cha DNA, pale ulipompeleka Yvette mpaka Kampala wakampangusa shavuni na pamba, kabla njia hazijafungwa, kimesema damu ni ya karibu lakini mimi siye mama. Na mimi waliponipangusa huku nilifungua mdomo bila hofu yoyote. Nilidhani wanatafuta kama sisi ni damu moja. Si ndiyo moja? Anésie na mimi na wewe tulitoka tumbo gani?

Wewe peke yako unajua, shemeji hajui. Dada yetu Anésie alipouawa, Yvette alikuwa hajaanza kutembea, na mimi nilikuwa na Trésor mchanga. Nikampa Yvette ziwa la kulia, Trésor la kushoto. Tangu hapo hakuna mtu aliyeniita jina lingine, ni Mama Yvette kambini, Mama Yvette kwenye ndege, Mama Yvette hapa Auburn. Siku ile kambini walipotuita ghafla kwa safari ya huku, yeye akiwa kwako Bukavu anasoma, waliniuliza nina watoto wangapi. Nilianza na wa kwanza. Ningeanza na nani?

Apondi alikuwa analia kuliko mimi. Akasema, lakini mama, mbona hukusema tu ni yatima wa dadako? Yatima wa ndugu ana mlango wake, angekuja zamani. Nikamwambia kwetu mtoto si yatima kama mama yake mkubwa anapumua. Ningetamkaje? Akasema anaelewa, hata kwao ni hivyo, ila mlango huo ni wa walio chini ya miaka kumi na minane, na Yvette alivuka umri huo mwezi wa pili. Na kwa kuwa tulisema kitu wanachokiita uongo, hata tukijaribu njia nyingine watatutazama kwa jicho baya. Nikamuuliza itakuwaje nikienda kuwaonyesha maziwa haya yaliyomlea. Alifunga faili akanisindikiza mpaka nje, mwanamke wa watu.

Ndugu yangu, ninakuomba kitu kimoja. Usimwambie Yvette. Usimwambie wamekataa, na lile la Anésie zaidi usiligusie. Akiuliza, sema ni korona, Australia imefunga milango, ndege haziruhusiwi, hata wenyewe hawaingii. Ni kweli, hata redioni utasikia. Acha aichukie korona, haina moyo wa kuumia.

Leo kanisani Mchungaji alitusimamisha. Kuimba wametukataza wiki hii, kwa hiyo akasema tuombe kwa nguvu, ugonjwa uishe, viwanja vya ndege vifunguliwe, waliotengana wakutane. Watu waliitikia Amina mpaka madirisha yakalia. Mimi mdomo haukufunguka, na maski ikanifichia. Thacienne, ninaogopa siku hiyo watakayoifungua. Maana ugonjwa huu ukiwepo, mtoto wangu ana mama anayemngoja bandarini.

Msalimie shemeji, na Mama Mchungaji wenu. Yvette mwambie nimemchagulia ngazi yenye jua. Ukimaliza kusoma, shemeji azifute picha hizi mbele ya macho yako. Mungu akutie nguvu kwa mzigo ninaokutwisha. Nimeushika peke yangu siku nne tu, nimeshindwa.

Dada yako akupendaye,

Mama Yvette