Ukurasa wa Mwisho wa Usingizi wa Adamu

Roma, Borgo Pio
Siku ya nne baada ya mazishi

Mdogo wangu mpendwa Nives,

Pokea salamu za kaka yako, ambaye ni mzima isipokuwa magoti. Natumaini barua hii itakukuta salama, na kwamba kile kikohozi cha majira ya baridi kimekuaga. Je, mzeituni wa nyuma ya nyumba umechanua? Wakati mwingine nausikia ukivuma hata hapa, mahali pasipo na upepo wa bahari.

Katika barua yako ya Pasaka umeniuliza tena swali lako la kila mwaka: narudi lini nyumbani. Safari hii nitakujibu, ila lazima nianzie mbali kidogo.

Umesikia redioni kwamba Papa Ambrosi amefariki. Wewe unamjua kwa picha. Mimi nilimjua akiwa bado Padre Ermes Durigon, msomi mwembamba kutoka milima ya Carnia, aliyekuja kila asubuhi katika maktaba ninamotengeneza vitabu vikuukuu. Kwa miaka kumi na mmoja alikuwa akiandika kitabu juu ya mtawa mmoja wa kale aliyeeleza usingizi wa Adamu, yaani kile alichokiota Adamu wakati Mungu akimtoa ubavu. Andiko la mtawa huyo lilikosa ukurasa wa mwisho. Padre Ermes alisema akiupata tu, atamaliza kitabu chake, arudi kijijini kwao awe paroko na kufuga nyuki.

Kila saa sita mchana alikuja kwenye meza yangu ya kazi na polenta iliyopoa, ule ugali wa mahindi wa kwetu, imefungwa kwa kitambaa, akanimegea. Alizungumza nami lugha yetu ya nyumbani, kwa lafudhi ya milimani. Alinitania kwamba sisi watu wa pwani hatujui polenta, tunakunywa uji. Nami nilimjibu kwamba ya kwao wangeweza kujengea ukuta. Tangu nilipotoka kwetu na sanduku moja, nikiwa na miaka kumi na tisa, hakuna mwingine katika mji huu aliyenisemesha hivyo. Nikimsikiliza, mwanga wa dirishani juu ya vumbi la vitabu ulikuwa ule ule wa jikoni kwa mama.

Sasa, Papa anapozikwa, ndani ya jeneza huwekwa maelezo ya Kilatini ya maisha na kazi zake. Monsinyori Brandolin, msimamizi wa mazishi, aliniomba niyanakili, kwa kuwa mkono wangu bado hautetemeki. Kuhusu kile kitabu aliniagiza niandike kwamba hakikumalizika kwa sababu ya uzito wa madaraka. Nilishika kalamu, nikashindwa.

Nives, hili sijawahi kumwambia mtu aliye hai. Katika mwaka ule wa kumi na moja nililetewa kitabu cha tiba ya farasi nikitengeneze. Jalada lake lilikuwa limegandishwa kwa gundi ya aibu, ya unga wa mahindi, nami nikamlaani fundi nisiyemjua. Nilipolibandua, chini yake nikakuta ukurasa wa mtawa. Nilisema nitamwambia Padre kesho. Nikarudishia jalada juu yake, na kesho ikawa mwezi, ikawa mwaka. Yeye akiendelea kuusubiri ukurasa, wakamfanya askofu, kisha kardinali, kisha wakamvika nguo nyeupe. Nyuki wake hawakufugwa na yeyote.

Wakati wa Kwaresima, niliposikia anaumwa, niliomba kumwona. Nilipiga magoti kando ya kitanda, nikatoa ndani ya koti ukurasa niliokuwa nimeubandua upya, nikamwambia yote. Alicheka mpaka akakohoa.

“We Bortolo, fundi gani usiyetambua gundi? Ile ilikuwa polenta yangu.”

Alikuwa ameupata mwaka mmoja kabla yangu, akaugandisha tena kwa kile alichokuwa nacho mfukoni. Alisema aliogopa kumaliza. Kijijini mama yake alikwisha kufa, na nyuki walikuwa watamu kuliko yote walipokuwa bado hawapo. Kisha akanisomea mistari ya mtawa: kwamba Adamu alipoguswa bega, kabla hajafumbua macho, alimwomba Mungu amwache alale kidogo tu.

“Tumeomba hivyo sote wawili,” akasema. “Lakini wewe bado una mtu wa kukuamsha.”

Kwa hiyo niliandika: Kitabu chake hakukimaliza, kwa kuwa alipenda kukisubiri. Monsinyori aliniuliza kama nina hakika. Nilimwambia neno hilo nililisikia kinywani mwake mwenyewe. Likasomwa mbele ya jeneza, likazikwa naye. Ukurasa nimemkabidhi mkuu wa maktaba, na namna nilivyouficha nimemweleza. Hajanijibu bado.

Nawe nilikuambia kwanza kwamba mpaka wa kuingia kwetu umefungwa, kisha kwamba kazi ni nyingi. Mpaka ulifunguliwa wewe ukiwa bado na nywele nyeusi, mdogo wangu. Niliogopa kufika nikakuta nyumba ni nyumba tu. Nisamehe.

Treni ya Trieste inaondoka Jumatatu asubuhi. Tiketi iko ndani ya kitabu changu cha sala. Nisalimie majirani waliosalia, na uniwekee ua kwenye kaburi la mama hadi nitakapoweka langu. Usijisumbue kwa mapishi. Polenta inatosha, ile ya kwetu, ya kunywa.

Ni mimi kaka yako, niliyeamka,
Bortolo